Kung'atuka: Hisani au Zamu?

Kila mwaka inapowadia tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Julius Kambarage Nyerere mwaka 1999, shule zetu za sekondari hujaa insha, ngonjera na hotuba za sifa. Miongoni mwa sifa hizo iko moja isiyokosekana: kwamba Mwalimu hakuwa na tamaa ya madaraka, kwamba kiti cha Ikulu kilikuwa mzigo kwake, na kwamba alikiacha kwa hiari yake mwaka 1985 ilhali wenziwe wengi katika Afrika waling'ang'ania viti vyao mpaka walipoondolewa kwa bunduki au kwa jeneza. Kijana akimaliza kusema hayo hupigiwa makofi, mwalimu humpa alama zake, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha.

Mimi nasema somo hilo halijaanza. Sifa yenyewe ni ya kweli, wala sina nia ya kuipunguza. Lakini jinsi tunavyoifundisha inawajengea vijana kasumba mbaya, kwani inawafanya waamini kwamba taifa hunusurika kwa wema wa moyo wa mtu mmoja. Anayeamini hivyo atatumia maisha yake kungoja kiongozi mwenye moyo mwema, na akimpata atamsihi asiondoke kamwe. Hapo ndipo ubaya wote unapoanzia.

Tuanze na neno lenyewe. Kabla ya miaka ya 1980 si Watanzania wengi waliolijua neno "kung'atuka". Mwalimu alilichukua kutoka katika lugha ya kwao, Kizanaki, akalitia katika Kiswahili, na leo limo kinywani mwa kila mtu. Katika asili yake neno hili linahusu desturi ya rika: wazee waliokwisha kutimiza muda wao huwaachia uongozi wale wanaowafuata. Yafaa mwalimu wa lugha alitazame vizuri jambo hilo. Mzee wa Kizanaki hakung'atuka kwa kuwa amechoka, wala kwa kuwa ana roho ya kipekee. Aling'atuka kwa kuwa muda wa rika lake ulikuwa umetimia na wengine walikuwa wanangoja. Sisi tulipolipokea neno tuliacha rika nyuma tukambakiza mtu. Siku hizi tunasema "fulani kang'atuka" kana kwamba twamsifia sadaka aliyotoa, na hata mtu aliyefukuzwa kazi kwa wizi husemwa kwa mzaha kuwa kang'atuka.

Sasa tumtazame Mwalimu. Kutopenda kwake madaraka hakukuwa maneno ya jukwaani. Alikuwa akifundisha Pugu, na mwaka 1955, alipotakiwa achague kati ya ualimu na siasa, aliacha kazi yenye mshahara akatumikia chama ambacho kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Mwaka 1957 alikubali kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, na baada ya miezi michache alijiuzulu, kwa kuwa aliona serikali ya kikoloni haikubali lolote la maana katika yale TANU iliyoyadai. Tulipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962, hata siku hamsini hazijapita, aliuacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Mfaume Kawawa, akaenda vijijini kukijenga chama. Ni nani mwingine aliyepata kushika serikali ya nchi changa akaiacha kabla ya hata kuizoea? Na maishani mwake mwote alipenda aitwe Mwalimu, akisema kwamba ualimu aliuchagua na siasa ilimpata tu.

Lakini hadithi hiyo ina nusu ya pili, nayo haisimuliwi sana katika sherehe zetu. Mwaka huohuo wa 1962 nchi ilitungiwa katiba ya Jamhuri iliyompa Rais madaraka makubwa kuliko yale aliyokuwa nayo Waziri Mkuu, na Bunge likapitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani. Desemba 9, 1962, yule aliyeondoka Januari alirejea akiwa Rais. Katiba ile haikuweka ukomo wowote wa vipindi. Tangu 1965 hadi 1980 tulipiga kura mara nne tukiwa na jina moja mbele yetu, tukiulizwa ndiyo au hapana, na kila mara ndiyo zikazidi asilimia 90. Basi hali ilikuwa hivi: mtu asiyependa kutawala alikuwa na uwezo wa kutawala mpaka afe, na kilichotulinda ni kutopenda kwake peke yake. Kama angependa, je? Kama ndani ya kifua chake angekaa mtu wa namna ya Hastings Banda wa Malawi, aliyefanywa rais wa maisha mwaka 1971, au Idi Amin wa Uganda, aliyetangazwa hivyo mwaka 1976, ni ibara ipi ya katiba yetu ambayo ingemzuia? Haikuwapo hata moja.

Wala hasara ya jambo hilo haikumpata mwananchi peke yake. Ilimpata na Mwalimu. Inajulikana kuwa alitaka kupumzika kabla ya 1985. Uchaguzi wa 1980 ulipokaribia nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hazina ilikuwa tupu, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na maduka hayakuwa na sabuni. Alisihiwa aendelee, akaendelea. Mwaka 1985 alipouacha urais hakuachiwa uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi; mwaka 1987 alichaguliwa tena, na hakuweza kuutua mpaka Agosti 1990. Mtu aliyekuwa akitafuta njia ya kwenda shambani kwake Butiama alifungiwa njia hiyo mara kwa mara, na waliomfungia walifanya hivyo kwa nyimbo na vigelegele.

Hawa waombaji ndio ninaotaka kugombana nao, maana wao hawakemewi. Tumezoea kumhukumu kiongozi anayeng'ang'ania kiti, lakini hatumhukumu anayekishika kiti kwa nyuma ili aliyekalia asiinuke. Muombaji husema: "Bila ya wewe nchi itayumba." Husema: "Nani kama wewe?" Husema hayo kwa sauti ya mapenzi, na pengine mapenzi yenyewe yamo. Lakini chunguza nani huyaanza maneno hayo. Mkulima wa Bombo ambaye mwaka 1980 alikuwa akihangaika kupata mafuta ya taa hakuwa na wasaa wa kumsihi Rais abaki Ikulu. Aliyekuwa na wasaa ni yule aliyepata cheo chake chini ya Rais huyo na asiyejua kama atakipata chini ya mwingine. Huyo hamwombei kiongozi. Anajiombea mwenyewe kwa jina la kiongozi, kisha anatuambia tuitikie.

Hoja ya waombaji ni kongwe. Plato wa Ugiriki alifundisha, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kwamba mtawala bora ni yule asiyetaka kutawala, na kwamba mtu mwema hukubali madaraka kwa sababu moja tu: akikataa, atatawaliwa na mtu aliye duni kuliko yeye. Wasomi wetu huipenda sana hoja hii. Ningependa waione makali yake upande wa pili. Ikiwa mtu mwema analazimika kukaa kwa kuhofia kwamba atakayemfuata ni duni, basi hatapata kuondoka kamwe, kwani daima watakuwapo wa kumnong'oneza kwamba anayefuata ni duni. Wema wake unageuka kuwa kamba ya kumfungia. Na wale wengine, ambao hawakupewa nafasi ya kujifunza kazi, watabaki duni kweli, na hapo waombaji watasema: "Mnaona?"

Mwalimu aliijua michezo ya umati vizuri kuliko wengi wetu. Ndiye aliyetufasiria tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, toleo la kwanza mwaka 1963 na la pili mwaka 1969, na vizazi vya wanafunzi wameisoma. Mwanafunzi aliyeisoma atakumbuka kwamba Kaizari aliletewa taji mara tatu mbele ya watu, na mara tatu akalikataa, na kila alipolikataa umati ulimshangilia zaidi. Huulizwa katika mitihani kama Kaizari alilitaka taji lile au hakulitaka. Naona swali hilo si zito kama linavyofanywa kuwa. Lililo zito ni kwamba katika Rumi ile kila kitu kilikwisha kutegemea kichwa cha Kaizari kinataka nini, na sheria za jamhuri yao zilikuwa zimebaki jina. Nchi ikifika hapo, kukataa taji na kuvaa taji ni jirani.

Sisi wa milima ya Upare hatukuhitaji kusafiri hadi Ugiriki wala Rumi ili tujifunze jambo hili, kwani tuna ushahidi wetu wa nyumbani. Katikati ya miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilileta kodi mpya iliyojulikana kwa jina la mbiru. Zamani mbiru ilikuwa haki aliyotolewa mfumwa na watu wake. Kodi hii mpya ilitaka kila mtu akadiriwe kwa mali yake, na wakadiriaji wawe wafumwa na watu wao. Kwa maneno, jambo hilo lilikuwa la haki: mwenye kingi atoe kingi. Wapare hawakulikubali. Maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani, Kaskazini na Kusini, wakaenda Same kwenye makao ya wilaya wakakaa huko kwa muda wa miezi, na baadaye wanawake nao wakaingia katika mapambano hayo. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu, ameyaeleza mambo haya kwa kirefu katika utafiti wake. Mwishowe kodi ile iliachwa, na mabaraza yakafunguliwa ili wapate kuingia humo watu wasiotoka katika koo za kifumwa.

Tazama walichokipinga wazee wale. Wafumwa walikuwa tisa, na bila shaka wamo miongoni mwao waliokuwa wapole na wenye huruma, ambao wangemkadiria maskini kidogo. Waandamanaji hawakuja Same kuomba wafumwa wapole. Walidai kiwango kimoja kinachojulikana, ambacho mtu anaweza kukisoma na kukihesabu mwenyewe, kisichongoja jicho la mkubwa limwone vipi. Wengi wao hawakuwa na elimu ya shule, na bado walipambanua kati ya hisani na haki kuliko sisi wenye vyeti.

Pambanuzi hilo halikutoka mbinguni. Liko katika kazi za kila siku za milima hii. Mvua zetu si za kutegemewa, hasa chini kuelekea nyika ya Mkomazi, kwa hiyo tangu zamani Wapare wamechimba ndiva, yaani mabwawa ya kukusanya maji ya vijito. Maji hukusanyika usiku. Asubuhi tundu hufunguliwa, nayo hushuka kwa mifereji mpaka mashambani. Ndiva hutengenezwa na kusafishwa kwa msaragambo, kazi ya wote, na asiyefika hutozwa. Na maji hugawanywa kwa zamu. Zamu haimwulizi mtu kama ameshiba maji. Anaweza kuwa mkulima hodari kupita wote mlimani, mahindi yake yakawa ndiyo mazuri kupita yote. Saa yake ikifika mwisho, mfereji unageuzwa kuelekea kwa jirani, hata kama jirani huyo ni mvivu na shamba lake ni la magugu. Akitokea mtu akasema, "Mimi nimetosheka, mpeni mwenzangu," watu watamshukuru. Lakini hakuna kijiji ambacho kingekubali kuifuta zamu kwa kuwa mwaka huu anayeshika tundu la ndiva ni mtu mkarimu.

Turudi sasa kwenye Ikulu. Nasikia walimu wenzangu wakinijibu kwamba Mwalimu mwenyewe alilitambua jambo hili, na hapo wana haki. Mwaka 1984, kabla hajaondoka, katiba ilirekebishwa. Katika marekebisho hayohayo yaliyotuletea orodha ya haki za binadamu, iliwekwa kanuni kwamba mtu hatachaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ni kubwa kuliko kule kuondoka kwenyewe. Tarehe 5 Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi alipoapishwa, alikuwa Rais wa kwanza wa nchi hii aliyeingia akijua siku ya kutoka. Mwinyi akatoka 1995, Benjamin Mkapa akatoka 2005, Jakaya Kikwete akatoka 2015. Je, watu hao watatu walipenda madaraka au hawakuyapenda? Hatuna haja ya kujua. Uzuri wa kanuni ni kwamba imetuondolea kazi ya kuchungulia mioyo ya watu.

Hata hivyo kati ya 1985 na 1990 palikuwa na kasoro ambayo haifai kupitwa kwa haraka. Katiba ya 1977 iliweka Chama juu ya Serikali. Rais mpya alikuwa Ikulu, na Mwenyekiti wa Chama alikuwa yuleyule wa zamani. Sera mbili kinzani zilikuwa zikivutana: serikali ikitafuta mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambayo yalifikiwa mwaka 1986, na Mwenyekiti akijulikana kuwa mpinzani mkubwa wa masharti ya Shirika hilo. Tulisalimika. Kamerun, katika hali iliyofanana na hiyo, haikusalimika: Ahmadou Ahidjo alijiuzulu urais Novemba 1982 akabaki na uongozi wa chama, akagombana na Paul Biya aliyemrithi, na kabla ya miaka miwili kwisha alikuwa uhamishoni akiwa amehukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani. Tofauti kati ya nchi hizi mbili ilitokana kwa sehemu kubwa na tabia za watu wawili, Nyerere na Mwinyi. Kwa mara nyingine tuliponea kwenye tabia. Mtu akivuka mto wenye mamba akafika ng'ambo salama, tunamshangilia, lakini hatuandiki kitabuni kwamba hapo ndipo pa kuvukia.

Wala waombaji hawakufa. Huko Zanzibar, kabla ya uchaguzi wa 2000, palikuwa na kampeni ya kutaka katiba ibadilishwe ili Rais Salmin Amour apate kipindi cha tatu, Chama kikakataa. Huku Bara, katika miaka ya Rais John Magufuli, walisimama watu, wengine ndani ya Bunge, wakataka muda wake urefushwe kwa kuwa kazi yake ni nzuri. Yeye mwenyewe alikataa hadharani, na mauti yakamchukua Machi 2021, miezi michache baada ya kuanza kipindi cha pili. Angalia lugha yao: ni ileile ya 1980, ila safari hii kanuni ilikuwapo, kwa hiyo iliwabidi wataje kitu wanachotaka kukivunja. Jirani zetu Uganda walikivunja: mwaka 2005 waliondoa ukomo wa vipindi, na mwaka 2017 wakaondoa na ukomo wa umri.  Kura hizo zilipigwa na wabunge, na wabunge wengi wa dunia hii walipata kuwa wanafunzi wa sekondari waliofundishwa uraia.

Ndiyo maana nawaomba walimu wabadili namna ya kulifundisha somo hili. Waache mtindo wa kumweka Mwalimu juu ya dari kama picha ya mtakatifu. Wawaulize vijana maswali magumu. Kwa nini mtu aliyetaka kuondoka hakuondoka 1980, na ni nani walionufaika? Kwa nini kanuni ya vipindi viwili haikuandikwa 1962, wala 1965, wala 1977? Kuna tofauti gani kati ya kung'atuka na kujiuzulu kwa kuwajibika, kama alivyojiuzulu Ali Hassan Mwinyi uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya mauaji na mateso yaliyofanywa na watumishi wa dola mkoani Shinyanga, ingawa yeye binafsi hakumgusa mtu? Huyo hakusema amechoka. Alisema, kwa kitendo chake, kwamba cheo kina deni.

Atasema mtu kwamba maswali hayo yanamvunjia heshima Baba wa Taifa. Ajibiwe kwamba Baba wa Taifa mwenyewe, katika kitabu chake cha Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, alichokiandika mwaka 1993 akiwa raia asiye na cheo, aliwashika viongozi wa chama chake mwenyewe kwa majina na kuwataka waondoke, kwa hoja kwamba walishindwa kumshauri Rais ipasavyo na kuilinda katiba. Hakuuliza kama ni watu wema. Kitabu hicho ni kidogo, Kiswahili chake ni chepesi, na kijana wa kidato cha tatu anaweza kukimaliza kwa siku mbili. Nakala moja katika kila maktaba ya shule haitaitia serikali hasara, na walimu wa Bombo tutaipanda milima nayo mgongoni ikibidi.